Blowa ya mgongoni, blowa ya betri, au reki na chelewa: ipi inafaa uwanja wako?

Mwarobaini ukianza kupukutika, uwanja uliofagiwa saa kumi na mbili asubuhi unakuwa mchafu tena kufika saa nne. Hapo ndipo msimamizi wa shule, hoteli, kanisa au nyumba za kupangisha anapoanza kuulizia bei ya blowa ya mgongoni, ile yenye injini ya petroli na bomba refu la kupulizia majani. Mwingine humshauri kwamba ndogo ya betri inatosha. Mtunza bustani mwenyewe huenda akasema apewe reki mpya na msaidizi mmoja, basi.

Wote watatu wanaweza kuwa sahihi, kutegemea uwanja wanaousema.

Vipimo kabla ya bei

Anza na ardhi: je, ni udongo mtupu, nyasi, pevingi, kokoto au lami? Hilo huamua mengi kuliko ukubwa wa injini. Kisha jani lenyewe, yaani ukubwa wake, uzito wake, na kama unalikuta likiwa kavu au lina umande. Tatu ni saa za kazi kwa wiki, maana mashine inayofanya kazi dakika ishirini tu Jumamosi haihesabiwi sawa na inayowashwa kila siku. Nne ni nani atakayeihudumia: atakayechanganya mafuta, atakayechaji betri, na fundi atakayeifungua ikigoma. Mwisho ni masikio na mapafu, ya mfanyakazi na ya jirani.

Ardhi

Kwenye udongo mtupu, blowa ya mgongoni ndiyo inayofanya vibaya zaidi. Inaondoa majani, lakini inaondoa pia tabaka la juu la udongo, na baada ya msimu mmoja mizizi na mawe vinaanza kuchungulia. Vumbi linaingia madarasani na jikoni. Blowa ya betri ikishushwa kasi ina nafuu, ila udongo mkavu utatimka tu. Hapa fagio la chelewa ndilo lenye uwanja wake, mradi unyunyizie maji kidogo kwanza, kiasi cha kulaza vumbi bila kutengeneza tope. Hata chelewa, hata hivyo, inakwangua ardhi ikipita kila siku. Chini ya miti mikubwa ni afadhali kuacha majani membamba yakae, yanalinda udongo na mizizi.

Kwenye nyasi mambo yanageuka. Chelewa inanasa na kukatika. Reki ya waya yenye meno yaliyotanuka kama kipepeo inafanya kazi nzuri, lakini kwenye nyasi zilizopandwa karibuni inang'oa machipukizi yanayotambaa. Hewa haing'oi kitu. Nyasi fupi zinasafishwa vizuri na blowa ya betri, ila zikiwa ndefu jani linazama katikati ya majani ya nyasi, na kulitoa huko kunataka msukumo wa injini.

Pevingi zinavumilia vifaa vyote vitatu, kwa sharti moja kwenye blowa kubwa. Mdomo wa bomba ukielekezwa wima na karibu, unatoa mchanga uliojazwa kati ya matofali. Mchanga ukitoka, matofali yanaanza kucheza na magugu yanaota kwenye nafasi. Laza bomba, hewa ipite juu ya uso kwa mshazari, na mdomo uwe sentimita 15 hadi 20 kutoka chini. Chelewa kwa upande wake inarudisha mchanga kwenye nafasi hizo, jambo ambalo mashine hailifanyi.

Kokoto ndizo zinazowashangaza wengi. Reki inakokota mawe pamoja na majani, chelewa vilevile. Blowa iliyofunguliwa mafuta yote inarusha kokoto kwenye vioo vya magari. Kinachofaa ni hewa ya wastani, bomba likiwa limelazwa: jani linanyanyuka, jiwe linabaki. Kwa kuwa blowa za betri zinashuka kasi kwa utulivu, kwenye njia za kokoto mara nyingi zinaishinda mashine kubwa. Kwenye lami na saruji pana hakuna mjadala mrefu. Kadiri eneo linavyokuwa kubwa ndivyo injini inavyojilipa.

Jani na unyevu wake

Majani ya mkungu ni mapana na mazito kama ngozi. Reki inayakusanya upesi, na kifaa chochote chenye hewa kinayasukuma yakiwa makavu. Vijani vya mwarobaini na vya mkrismasi ni kinyume chake: vinapita kati ya meno ya reki, kwa hiyo utapita mara tatu na bado uwanja unaonekana mchafu. Huko ni chelewa au hewa. Mvinje wa pwani una vijiti vyembamba vinavyosukana kama mkeka, na reki inaukunja mkeka huo vizuri, wakati hewa inauvuruga tu mpaka upate pembeni pa kuuingilia. Maua ya jakaranda, ambayo Nairobi yanaanguka kwa wingi Oktoba na Novemba, yakilowa yanaganda kwenye lami.

Kwa kitu chochote kilicholowa, subiri. Jani lenye umande saa moja asubuhi linahitaji nguvu nyingi sana, lakini saa nne, jua likishapiga, lilelile linapeperushwa na blowa ndogo. Ratiba ikikulazimisha usafi uishe kabla wageni hawajaamka, basi unachagua kati ya mikono yenye reki na msukumo wa blowa ya mgongoni, na ya mgongoni itakuwa imeshawaamsha wageni hao.

Nguvu: soma boksi kwa uangalifu

Wauzaji hupenda kutaja kasi ya hewa peke yake. Kasi bila ujazo haisogezi rundo, kwani bomba jembamba linaweza kutoa hewa ya kasi kubwa na bado lisisukume kitu zaidi ya mita moja. Tafuta namba ya msukumo, inayoandikwa kwa nyutoni, ambayo inajumuisha ujazo na kasi. Blowa nyingi za betri za mkononi ziko kati ya nyutoni 10 na 17. Za mgongoni zinaanzia kwenye ishirini na kitu, na kubwa zinavuka 40. Namba hiyo isipokuwepo, linganisha ujazo. Futi za ujazo kwa dakika ukizizidisha kwa 1.7 unapata mita za ujazo kwa saa, kwa hiyo 600 ni kama 1,020.

Ukubwa wa injini nao unasaidia kulinganisha. Stihl BR 600 ina sentimita za ujazo 64.8, Husqvarna 580BTS ina 75.6, na Echo PB-9010 ina 79.9. Hizo ni mashine za watu wanaofanya kazi hiyo kutwa. Kwa uwanja wa nusu ekari, yenye 50 hivi inatosha na kubaki.

Reki haina nyutoni, lakini ina jambo ambalo hewa haina: inabeba. Mashine zote mbili zinahamisha majani tu, na mtu bado anatakiwa kuyaondoa. Njia inayookoa muda ni kutandaza turubai la mita 3 kwa 4 mwishoni mwa uwanja, upande ule upepo unakoelekea, na kuweka mawe kwenye ukingo wake wa mbele ili lisiinuke. Pulizia majani kwa mistari hadi yawe tuta moja, sukuma tuta juu ya turubai, kisha shika pembe nne na uburute hadi kwenye shimo la mboji. Ukipuliza dhidi ya upepo, utalilipa kosa hilo kwa petroli au kwa chaji.

Mafuta, chaji na mpini

Huku ndiko blowa za mgongoni zinakokufa, na mara nyingi zinauawa kwenye galoni.

Injini hizi nyingi zinataka petroli iliyochanganywa na oili ya tu-stroki, yaani ya injini za mizunguko miwili. Uwiano wa 50 kwa 1 ni mililita 20 za oili kwa kila lita, au 100 kwa galoni la lita 5. Mashine za bei nafuu mara nyingi huandikwa 25 kwa 1, yaani mililita 40 kwa lita. Fuata kitabu chake. Bomba la sindano la mililita 20 kutoka duka la dawa linapima vizuri kuliko kifuniko cha chupa. Weka nusu ya petroli kwenye galoni, mimina oili yote, tikisa, ongeza petroli iliyobaki, tikisa tena. Kila siku kabla ya kujaza tangi, tikisa galoni.

Oili ikikosekana kabisa, pistoni inakwaruza silinda na injini inanoki, pengine kabla tangi moja halijaisha. Hili hutokea pale kijana mpya anapotumwa sheli "akachukue petroli ya mashine". Oili za tu-stroki zina rangi, ya kijani, ya bluu au nyekundu, hivyo mchanganyiko ulio sahihi unaonekana una rangi. Ukiona petroli haina rangi hiyo, usiwashe. Oili ikizidi sana, plagi inalowa na masizi yanaziba wavu mdogo ndani ya eksozi. Dalili yake ni mashine inayowaka vizuri ikiwa taratibu lakini inakataa kupanda ukivuta mafuta. Watu hukimbilia kufungua kabureta wakati tatizo ni wavu wa kusuguliwa kwa brashi ya waya.

Pwani kuna mtego mwingine. Oili ya injini za boti, iliyoandikwa TC-W3, inapatikana kirahisi na watu huitumia. Imetengenezwa kwa injini zinazopozwa kwa maji, ilhali blowa inapozwa kwa hewa na inafikia joto kubwa zaidi. Tafuta yenye alama ya JASO FD. Na zipo blowa zenye vali, kama hiyo BR 600, ambazo ingawa zina mizunguko minne bado zinakunywa mchanganyiko uleule. Hazina sehemu ya kumwagia oili ya injini, kwa hiyo asije mtu akaweka petroli tupu kwa kudhani ni kama ya jenereta. Vali zake pia zinahitaji kupimwa nafasi kadiri saa za kazi zinavyoongezeka. Zikibana, mashine inakuwa ngumu kuwaka na inakosa nguvu.

Mengine ni ya kawaida. Chujio la hewa likung'utwe kila siku wakati wa kiangazi. Nafasi ya plagi kwa kawaida ni milimita 0.5 hadi 0.7. Petroli iliyochanganywa isikae zaidi ya mwezi. Ukiiweka mashine stoo kwa msimu, toa mafuta yote na uiache iwake hadi izime yenyewe, la sivyo kabureta itaziba kwa utando wa gundi. Wavu wa kuingizia hewa mgongoni uangaliwe pia, maana mfuko wa plastiki au jani la mkungu likiuziba, feni inakosa mzigo na injini inapiga kelele ya juu ghafla. Zima, toa uchafu, endelea.

Betri ina hesabu nyepesi. Yenye volti 36 na ampea-saa 5 ina wati-saa 180. Mota ikivuta wati 900 kwenye kasi ya juu, umepata dakika 12. Hilo ndilo linalowakatisha tamaa wanunuzi, lakini feni ina tabia njema: ukishusha kasi yake kwa asilimia 20, umeme unaotumika unashuka karibu nusu. Anayeshikilia kitufe cha kasi ya mwisho muda wote anaimaliza betri bila sababu. Kuijaza hakufiki hata robo uniti ya umeme. Gharama kubwa iko kwenye betri yenyewe, kwa hiyo nunua ya familia moja na vifaa ulivyo navyo, ikiwa tayari una mashine ya kukata ua au drili ya kampuni hiyo. Betri ikitoka kazini ya moto, iache ipoe kabla ya kuichomeka. Karibu na bahari futa miguu ya shaba ya betri kwa kitambaa kikavu mara kwa mara, chumvi huila. Umeme ukiwa wa kukatika-katika, betri ya pili si anasa.

Reki na chelewa? Funga mpini, nunua chelewa mpya ikichakaa, nyoosha meno yaliyopinda. Usitumie reki ya chuma ya shambani kwenye nyasi.

Kelele, vumbi na mwili

Blowa kubwa ya petroli inafika karibu desibeli 100 sikioni mwa anayeibeba. Kiwango kinachotumika sana katika usalama kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda unakatwa nusu. Kwa 100, bila kinga, ni dakika 15. Vizibo vya masikio basi ni sehemu ya bei ya mashine, pamoja na miwani ya kufunika pembeni na barakoa ya vumbi. Watu wengine wakae umbali wa mita 15. Za betri nyingi ziko kati ya 80 na 90, kelele inayovumilika nje ya darasa wakati wa mapumziko ingawa si wakati wa mtihani. Ufagio unaruhusiwa saa yoyote.

Kuhusu uchovu, uzito unadanganya. Ya mgongoni ina kilo 10 hadi 12 tangi likiwa tupu, lakini mkanda wa kiunoni ukifungwa kwanza na wa mabegani baadaye, mzigo unakaa nyongani na mtu anafanya kazi saa nzima. Ya betri ina kilo 3 hadi 5 zinazoning'inia kwenye mkono mmoja, na dakika ishirini zinatosha kuuchosha. Chelewa fupi inaumiza kiuno kuliko zote mbili. Itie mpini mrefu.

Fundi, vipuri na blowa ya korosho

Fundi wa misumeno ya mnyororo anaijua injini ya blowa, maana ni jamaa moja: plagi, kamba ya kuwashia, mpira wa kusukumia mafuta na bomba la mafuta. Kabla ya kununua, muulize ana kiwambo cha kabureta ya mashine hiyo. Asipojua pa kukipata, chagua nyingine. Betri inahitaji ukarabati mdogo, ila mota au saketi ikiungua kijijini hakuna atakayeigusa.

Mtwara na Lindi swali hili lina sura yake, kwa sababu blowa zimejaa huko tayari: zile za kupulizia salfa kwenye mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga. Zinaweza kusukuma majani, ndiyo. Lakini zimetengenezwa kurusha hewa juu mtini, zina tangi la dawa mgongoni linaloongeza uzito, na mabaki ya salfa au dawa ndani ya bomba yatatoka kwenye uwanja wanaochezea watoto. Ukiamua kuitumia, fungua tangi na bomba, osha kwa maji na sabuni, kausha, kisha ipulizie hewa tupu mbali na watu kwanza. Kwa shule tungesema hapana.

Kulingana na hali yako

Nyumba ya familia yenye uwanja wa udongo na miti miwili mitatu: chelewa ya mpini mrefu, ndoo ya maji, na reki ya waya kama kuna kipande cha nyasi. Mashine ya petroli hapo itakaa stoo hadi kabureta izibe.

Nyumba za kupangisha au ofisi yenye pevingi, kokoto na bustani ndogo, kazi isiyozidi nusu saa: blowa ya betri pamoja na betri mbili. Reki ibaki kwa ajili ya kubeba.

Shule, chuo, makaburi au kanisa lenye nyasi pana na miti mikubwa, zaidi ya ekari moja, na mtu mmoja anayewajibika kwa mashine: blowa ya mgongoni yenye injini ya sentimita za ujazo 50 hadi 65, galoni lililoandikwa "MCHANGANYIKO" kwa rangi isiyofutika, na kazi ifanyike saa ambazo hakuna masomo wala ibada. Mtu huyo wa kuwajibika akikosekana, ajiri mikono miwili zaidi na ununue reki.

Hoteli ya ufukweni yenye mivinje na wageni wanaolala hadi saa tatu: reki asubuhi chini ya mivinje, betri kwenye njia na vibaraza. Ya mgongoni iwekwe kwa siku za baada ya dhoruba na kwa maegesho.

Kwa mliofungua kazi ya bustani Marekani, sheria inatangulia ladha. Washington DC ilipiga marufuku blowa za petroli kuanzia Januari 1, 2022, na California imezuia uuzaji wa injini ndogo mpya za petroli kuanzia zile za mwaka 2024. Miji mingi ina masharti yake ya saa na kelele. Huko, kabla ya kulinganisha nyutoni, piga simu halmashauri ya mji, kisha uangalie blowa za mgongoni za betri, ambazo hugharimu zaidi mwanzoni na zinahitaji chaja ndani ya gari la kazi.